Shekhar Mehta: Mwenyeji wa Barabara za Safari

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyotembea mbali kuliko wasemaji wake, neno safari lina nafasi ya pekee. Lilitoka katika Kiarabu, likapata makazi pwani, likapanda bara pamoja na misafara ya biashara, kisha Waingereza wakalichukua na kulifunga kwenye uwindaji wa wanyamapori. Mwaka 1953 likabandikwa kwenye mashindano ya magari. Mashindano hayo yalianzishwa ili kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na njia yake ilipita katika nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 habari ya kutawazwa iliondolewa katika jina, yakabaki kuwa Safari ya Afrika Mashariki. Wananchi wakayaita Safari Rali, na wengi zaidi wakasema Safari tu, kana kwamba hakuna safari nyingine duniani.

Katika historia yote ya mashindano hayo, hakuna dereva aliyewahi kuyashinda mara nyingi zaidi ya mara tano. Wa kwanza kuifikia idadi hiyo alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, mwenye asili ya Kihindi, aliyeshindana chini ya bendera ya Kenya. Maelezo hayo mafupi yana mataifa matatu ndani yake, na katika miaka aliyoishi Mehta si mataifa yote matatu yaliyokuwa tayari kumwita mtu wa kwao.

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945. Jamaa yake ilikuwa ya Wagujarati wenye mashamba makubwa, sehemu ya tabaka lililokuwa limeshika uchumi wa Uganda tangu mwanzo wa karne ya ishirini. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na nyuma yake wakaja wenye maduka, wachambuaji wa pamba, na baadaye wenye viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi. Wengi wa watoto wa matajiri hao walizaliwa Uganda, wakasomea huko, wakajua barabara za Buganda na Busoga kabla ya kuiona India hata mara moja. Hata hivyo walibaki kuitwa Wahindi, na wao wenyewe, ni haki kusema, hawakufanya juhudi kubwa ya kuchanganyika na majirani zao. Ukuta huo ulijengwa na pande mbili, ingawa waliokuja kuubomoa kwa nguvu walikuwa wa upande mmoja.

Utajiri wa nyumbani ndio uliomweka kijana Mehta kwenye usukani. Alianza mashindano mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 21, kwa gari aina ya BMW. Jambo hili halifai kupitwa haraka. Katika miaka hiyo mchezo wa magari Afrika Mashariki ulikuwa wa walowezi wa Kizungu na wa Waasia wachache wenye mali au wenye gereji. Mwafrika alikuwa fundi, alikuwa mwenye kushika bendera njia panda, au alikuwa mtazamaji aliyesimama kando ya barabara tangu alfajiri. Mehta hakuvunja mpaka huo. Mpaka aliouvuka yeye ulikuwa mwingine, na kabla yake kulikuwa na mtu aliyekwisha kuufungua.

Mtu huyo alikuwa Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, fundi mtoto wa fundi. Mwaka 1965 Joginder, pamoja na nduguye Jaswant, aliishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, akawa Mwasia wa kwanza kulitwaa taji hilo. Watu wakampa jina la Simba wa Kenya. Mehta hakuwahi kupewa jina la mnyama wala la shujaa, na huenda ni kwa sababu hakutoka gerejini. Umma humpenda zaidi aliyepanda kutoka chini. Lakini Joginder ndiye aliyeonyesha kwamba mtoto wa mhamiaji angeweza kuingia katika orodha iliyokuwa imejaa majina ya walowezi, na mlango huo ndio Mehta aliopitia.

Ili kuelewa ushindi mara tano una uzito gani, yafaa kueleza Safari ya zama hizo ilivyokuwa, maana mashindano ya leo yenye jina hilo yanafanana nayo kidogo sana. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yameanza au yakiwa yanatarajiwa saa yoyote. Njia yake ilikuwa ya maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwa siku nne au tano. Barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikutana na basi la abiria, lori la ng'ombe, mbuzi waliolala katikati ya njia, na waumini waliotoka ibada ya Ijumaa Kuu. Kwa hiyo magari yalifungwa vyuma vya kinga mbele, taa za ziada, na matairi ya akiba nyuma. Kila kipande cha njia kilipewa muda, na kila dakika ya kuchelewa katika kituo cha ukaguzi ilikuwa alama moja ya adhabu. Mwenye alama chache kuliko wote ndiye mshindi.

Utaratibu huo ulibeba hekima ambayo wageni walichelewa kuifahamu. Muda uliotolewa katika vipande vingine ulikuwa mfupi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuufikia. Kila dereva angepoteza alama, na swali lilikuwa ni nani angepoteza chache zaidi bila kuvunja gari. Aliyekimbia kupita kiasi alivunja springi kwenye korongo, akakaa saa mbili akisubiri mafundi wake, na saa mbili ni alama 120. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Kumaliza kwenyewe kulikuwa heshima, na wapo waliojivunia nafasi ya saba maisha yao yote.

Mara kwa mara njia iliuzunguka Mlima Kenya, na hapo ndipo wakazi wa Embu na Meru walipoyafahamu mashindano haya kwa macho yao. Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru, kabla ya kuwekwa lami, ilikuwa mfululizo wa kona zisizohesabika. Inakata mito inayoteremka kutoka mlimani mmoja baada ya mwingine, na kila mto una mteremko wake, daraja lake na mpando wake. Udongo wa huko juu ni mwekundu, na mvua ikinyesha huwa laini kama sabuni. Lakini mtu akiteremka upande wa mashariki kwa mwendo usiofika hata saa mbili, kuelekea Ishiara na nyanda za Mbeere na Tharaka, hukuta nchi nyingine kabisa: joto, mawe, miiba, mchanga wa mito mikavu, na vumbi linaloning'inia hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Safari ilikuwa na tabia hiyo kote ilikopita. Dereva aliyechagua tairi kwa ajili ya tope la mlimani alijikuta jioni kwenye mawe, na aliyejiandaa kwa vumbi alikwama katika udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua ya nusu saa. Aliyeijua nchi ndiye aliyejua wingu lile juu ya kilima kile lina maana gani kwa barabara iliyo mbele kwa kilomita 30.

Hii ndiyo sababu kwa karibu miaka ishirini hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeishinda Safari. Makampuni ya Ulaya yalileta mabingwa wao, wakarudi mikono mitupu. Walioshinda walikuwa wakazi wa Kenya, Uganda na Tanzania, wengi wao Wazungu waliofanya kazi au biashara huku. Magazeti na watangazaji wakazoea kuyagawa magari katika makundi mawili, ya wenyeji na ya wageni, na hesabu ya nani ni mwenyeji haikuangalia rangi wala pasipoti. Iliangalia ujuzi wa barabara. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, na hakuna aliyeona ajabu kumhesabu kuwa mwenyeji. Katika mashindano hayohayo Mehta, akiendesha Datsun 240Z kama ya Herrmann, alikuwa wa pili kwa pengo dogo. Alikuwa na umri wa miaka 25, na kuanzia hapo kiwanda cha Japani kikawa na hakika kwamba kimepata mtu.

Mwaka uliofuata ulileta mambo mawili yaliyogeuza kila kitu. Wakati wa Pasaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland akaishinda Safari kwa Ford Escort, akawa mgeni wa kwanza kufanya hivyo. Imani ya kwamba barabara za Afrika Mashariki zina wenyewe ikatikisika. Kisha tarehe 4 Agosti Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wa Uganda wapewa siku 90 kuondoka nchini. Maelfu kwa maelfu wakaacha nyumba, maduka, mashamba na makaburi ya wazee wao. Wapatao 27,000 walipokelewa Uingereza, na wengine wakatawanyika Canada, India na kwingineko. Jamaa ya Mehta ilikimbilia Kenya.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali haikueleza afanyeje mtu aliyezaliwa mahali, akakulia mahali, kisha akaambiwa asubuhi moja kwamba muda wote huo alikuwa mgeni. Wala Kenya yenyewe haikuwa kimbilio lisilo na miiba. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa mwaka 1967 zilikuwa zimewabana Waasia wasio na uraia, na mwanzoni mwa 1968 maelfu yao walikuwa wameondoka Nairobi kwenda Uingereza kabla Uingereza nayo haijafunga mlango wake. Mhindi wa Afrika Mashariki wa wakati huo alikuwa mtu wa kuulizwa karatasi. Mehta alikuwa na mali iliyompa nafuu ambayo muuza duka wa Jinja hakuwa nayo, na tofauti hiyo haipaswi kufichwa. Hata hivyo mali haikumrudishia Kampala.

Miezi michache tu baada ya muda wa Amin kumalizika, Pasaka ya Aprili 1973 ikafika. Mashindano ya mwaka huo yalikuwa na uzito mpya, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia wa rali, uliokuwa umeanzishwa mwaka huohuo. Mehta alianza katika Datsun 240Z, na mwelekezi wake alikuwa Lofty Drews. Mpinzani wake mkuu kufikia mwisho alikuwa Harry Källström wa Sweden, naye katika Datsun ya aina nyingine. Magari ya wakubwa wengine yalikufa njiani kama kawaida. Wawili hao wakafika ukingoni mwa mashindano, na alama za adhabu zilipojumlishwa ikaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia baada ya maelfu ya kilomita. Walikuwa sawasawa: alama 406 kwa 406.

Kanuni ilikuwa na jibu. Madereva wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kutoka mwanzo bila kupata alama ya kwanza ya adhabu. Daftari zikafunguliwa, na kwa kipimo hicho Mehta akatangazwa mshindi.

Wako waliouona ushindi huo kuwa wa makaratasi. Mtazamo huo hauna nguvu ukichunguzwa. Kanuni ilipima jambo ambalo Safari nzima ilikuwa ikilipima tangu 1953: ni nani anayeweza kwenda mbali bila kupoteza. Katika saa za mwanzo, gari likiwa zima na damu ikiwa moto, kishawishi cha kukimbia ovyo ni kikubwa, na wengi walilipia kishawishi hicho kabla ya giza la usiku wa kwanza. Mehta hakuwa na papara. Sifa yake iliyotajwa na waliomwona akiendesha ilikuwa utulivu: alilihurumia gari, aliliokoa kwenye mawe, akaliachia pale tu barabara ilipostahili. Umaarufu wa kukimbia kuliko wote ulikuwa wa wengine.

Jambo la pili la ushindi huo halikuandikwa katika daftari za waamuzi. Källström aliitwa mgeni, Mehta akaitwa mwenyeji. Katika vibanda vya magazeti vya Nairobi, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa katika nchi aliyozaliwa kwa hoja kwamba si wa pale, alisifiwa kwa kuirudisha Safari nyumbani. Neno mwenyeji lilikuwa limefanya kazi mbili zinazopingana katika muda wa miezi minane, upande huu wa mpaka na upande ule. Wanafunzi wa maana za maneno watapata hapa mfano mzuri kuliko mingi iliyomo katika vitabu vya kozi.

Baada ya hapo ikafuata miaka mitano ambayo Mehta hakushinda Safari. Joginder alirudi na kuitwaa mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akiwa na mwelekezi David Doig, na kwa ushindi wa tatu akaweka rekodi iliyodhaniwa itadumu. Miaka mingine ilikwenda kwa wageni: Ove Andersson mwaka 1975, Björn Waldegård mwaka 1977, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Wageni walikuwa wamejifunza. Walikuja miezi kadhaa kabla, wakapita njia yote na kuandika kila kona. Wakati huohuo nchi tatu zilizokuwa na njia moja zilikuwa zikiachana. Hata kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Safari ilikuwa imeshabanwa ndani ya mipaka ya Kenya pekee. Barabara za Uganda, ambazo Mehta alijifunzia kazi yake, hazikumwona tena katika mashindano hayo.

Kisha kukaja kipindi ambacho ndicho kiini cha jina lake. Mwaka 1979 Mehta na mwelekezi Mike Doughty walianza katika Datsun 160J, gari la umbo la kawaida ambalo mwalimu wa shule ya sekondari angeweza kulinunua, ingawa ndani yake lilikuwa limetengenezwa upya. Mbele yao kulikuwa na Mercedes-Benz 450 SLC kubwa, zenye injini ya lita tano na fedha za kiwanda nyuma yake. Datsun ikashinda, na Mikkola katika Mercedes akawa wa pili. Mwaka 1980 Mehta akashinda tena, Rauno Aaltonen wa Finland akiwa wa pili. Mwaka 1981 akashinda mara ya tatu mfululizo, na wa pili akawa Aaltonen yuleyule, bingwa ambaye aliijaribu Safari kwa miaka mingi, akakaribia mara nyingi, na kamwe hakuipata. Mwaka 1982 Mehta akashinda mara ya nne mfululizo. Safari hii aliyemfuata alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani katika Opel Ascona 400, mtu ambaye mwishoni mwa mwaka huo alikuwa bingwa wa dunia.

Miaka minne, ushindi wanne, na mwelekezi mmoja. Ni rahisi kuhesabu makombe na kusahau mtu wa kiti cha pili. Doughty ndiye aliyeshika muda, aliyesoma maelezo ya njia gizani huku gari likirukaruka, aliyeshuka kwenye tope kusukuma. Katika kazi hii dereva na mwelekezi hukaa bega kwa bega kwa saa nyingi bila usingizi, na ugomvi mdogo unaweza kuwatoa barabarani. Kwamba wawili hawa walivumiliana Pasaka nne mfululizo bila kupoteza hata moja ni habari kuhusu tabia za watu kama ilivyo habari kuhusu magari.

Kulikuwa pia na Yvonne. Mehta alimwoa mwaka 1978, naye alikuwa mwelekezi kwa haki yake mwenyewe. Katika mashindano kadhaa ya ubingwa wa dunia nje ya Afrika, yeye ndiye aliyekaa na mumewe garini. Katika mchezo uliowahesabu wanawake kuwa wapamba jukwaa la washindi, hilo halikuwa jambo dogo. Nje ya Afrika Mehta hakuwa mshindi wa kila siku, lakini hakuwa msindikizaji pia: mwaka 1981 alikuwa wa pili Argentina, na mwishoni mwa mwaka huo jina lake lilikuwa la tano katika orodha ya madereva wa dunia. Kwa Mkenya kushika nafasi hiyo, katika mchezo uliotawaliwa na Wafini, Waswidi, Wajerumani na Wafaransa, ilikuwa habari ambayo kurasa za michezo za Nairobi hazikuipa nafasi iliyostahili. Wakati huo kurasa hizo zilikuwa na wanariadha wengi wa kusifu.

Baada ya 1982 magari yalibadilika. Yalikuja yenye turbo na yenye kuendeshwa na magurudumu manne, yenye nguvu kupita kiasi, na utulivu peke yake haukutosha tena. Mwaka 1983 Safari ilichukuliwa na Ari Vatanen, na ingepita zaidi ya miaka kumi kabla ya Mkenya kuishinda tena katika ubingwa wa dunia, Ian Duncan mwaka 1994. Mehta aliendelea kushindana, baadaye akiwa na Peugeot. Mwanzoni mwa 1987 alikuwa katika kikosi cha kampuni hiyo kilichokwenda katika mbio za Dakar, ambazo wakati huo zilikatisha jangwa la Sahara, akamaliza wa tano. Mwaka huohuo, katika Mbio za Mafirauni nchini Misri, gari lake lilipata ajali mbaya. Aliumia vibaya sana. Alikuwa na umri wa miaka 42, na hakurudi tena kwenye usukani wa mashindano.

Wengi wa madereva wa zamani huishia kusimulia. Mehta aliingia ofisini. Alishiriki katika uandaaji wa Safari yenyewe, kisha akapanda hadi kushika uenyekiti wa tume ya FIA inayosimamia rali duniani, kiti ambacho mtu wa Afrika Mashariki hakuwa amekikaribia. Kazi ya ofisi haina picha za kupendeza. Ni mikutano, kanuni, viwango vya usalama, mabishano ya kampuni na televisheni. Ulimwengu wa rali ulikuwa ukitaka mashindano mafupi, yanayoweza kuonyeshwa jioni kwa dakika 20, yenye barabara zilizofungwa na helikopta juu. Safari ya siku tano za tope haikuingia vizuri katika kipimo hicho, na gharama zake zilikuwa nzito kwa waandaaji. Iliposhindaniwa mwaka 2002, ikachukuliwa na Colin McRae wa Scotland, ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuhesabiwa katika ubingwa wa dunia kwa kipindi kirefu. Mehta, aliyeishinda ilipoingia katika ubingwa huo kwa mara ya kwanza, alikuwa hai ilipotolewa.

Alifariki dunia jijini London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa Jumatano ya kabla ya Pasaka.

Mashindano yaliendelea bila yeye, yakiwa ya ubingwa wa Afrika, na mwaka 2018 Carl Tundo, Mkenya, alifikisha ushindi wake wa tano na kumfikia Mehta kwa idadi. Ushindi wanne mfululizo haujafikiwa na mtu. Juni 2021 Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Vipande vilikuwa vya kilomita chache chache, barabara zilifungwa, na usiku magari yalilala. Mshindi alikuwa Mfaransa, Sébastien Ogier. Vumbi lilikuwa lilelile, na kando ya njia watu walikuwa wamesimama tangu alfajiri.